Mtoto wa Pili Ambaye ni Mwingine Kabisa

Jumapili mchana kiti cha jikoni kilikuwa kimechoka, na mama yake Kimya hakuwa na pa kukaa. Kilikuwa kimetanua miguu na kuegemea ukuta, na kila alipokigusa kiliguna. Mama akamenya vitunguu amesimama.

"Wewe mtoto, jana umekifanya nini hiki kiti?"

"Nilikosea zoezi, mama."

Zoezi lilikuwa la kusahihisha sentensi za Kiingereza. Ndani yake palikuwa na mwanamke aliyechoka na kiti alichokalia, na Kimya alitakiwa kulirudisha neno la uchovu karibu na mwenyewe. Akaliweka karibu na kiti. Tangu hapo mwanamke wa kwenye zoezi alikuwa buheri wa afya. Wiki iliyopita lilikuwa neno la njaa, nalo liliuangukia mlango, ukatafuna pindo la gauni la jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Mimi ndiye niliyechoka," mama alisema. "Mimi hapa. Hilo neno lilikuwa langu."

Kimya lilikuwa jina alilopewa wodini, kwa kuwa hakuwa msemaji. Alikuwa mkunga msaidizi wa muda, na muda wenyewe haukuonyesha dalili ya kwisha. Kila asubuhi alipitia ofisi ya matroni kutazama kama bado anahitajika. Alitaka kuthibitishwa kazini kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Lakini uongozi wa hospitali ulikuwa umebandika tangazo: ripoti za wodi zilikuwa na maneno mengi mno, kwa hiyo asiyefaulu mtihani wa kusahihisha sentensi za Kiingereza hatathibitishwa. Watoto walikuwa wakizaliwa bila kujua Kiingereza hata kidogo, lakini hilo halikutajwa kwenye tangazo.

Mwalimu aliyeletwa alifundishia kwenye stoo ya mashuka. Wanafunzi walimwita Fyeka.

"Sifa ikae na mwenyewe," alisema kila siku. "Na jambo likisemwa mara moja, limesemwa. Ukiona limerudiwa, fyeka."

Kimya akakazana. Sifa akaanza kuzipatia, na kiti kikaamka. Kisha akajifunza kufyeka, na nyumbani vitu vikaanza kupungua. Mto wa pili wa kitandani ukaondoka. Ukafuata ufunguo wa akiba, halafu sufuria iliyofanana na mwenzake. Vilianza kufifia pembeni, kama nguo iliyopauka kwa jua, kisha havikuwepo. Mama alivumilia mpaka siku moja kandambili yake ilipobaki moja, na hakuna aliyejua sasa iitwe nini.

"Mwanangu, nina miguu miwili. Au na huu mwingine umeshasemwa?"

"Nitamuuliza mwalimu."

"Muulize. Mwambie nimemuuliza kwa mguu mmoja."

Fyeka, akiwa amevaa kiatu kimoja na miwani ya kioo kimoja, alimsikiliza Kimya. "Utazoea," alisema. "Mimi nilikuwa na kaka tuliyefanana sana." Akaendelea kufuta ubao.

Wodini, matroni na wakunga wengine walikuwa wamefaulu zamani, na mambo yalikuwa safi. Palikuwa na mkasi mmoja, beseni moja, kalamu nyekundu moja na nyeusi moja. Zamu iliyokuwa na wakunga wawili sasa ilikuwa na mmoja, na wajawazito wakasubiri kwenye benchi wakiwa wameshika viuno. Uongozi ulituma pongezi kwa unadhifu.

Basi Ijumaa mchana akaja fundi cherehani mmoja na tumbo lake, akisindikizwa na mama yake mzazi. Matroni akamwambia Kimya kwamba ripoti ya uzazi huo ndiyo itakuwa mtihani wake. Fyeka akaletewa kiti, akakaa kando ya pazia na kalamu nyekundu.

Mtoto wa kwanza akatoka salama. Kimya alimfuta, akamlaza, akanawa mikono, akaandika kwa Kiingereza: Amezaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Fyeka alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sifa zote zilikuwa zimekaa na mwenyewe.

Kisha fundi cherehani akasema, "Dada, bado kuna kazi huku." Akatoka wa pili. Naye alikuwa wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Kimya akamlaza kando ya dada yake, kwa kuwa kitanda cha watoto kilikuwa kimoja, akaandika mstari wake.

Fyeka akainama juu ya karatasi. "Hili limeshasemwa."

"Ni mtoto mwingine, mwalimu."

"Sioni mtoto. Naona sentensi. Soma."

Kimya akasoma mistari yote miwili. Ilikuwa sawasawa, neno kwa neno. Akaongeza kwenye karatasi kwamba ni wa pili.

"Mstari wenyewe uko wa pili," Fyeka alisema, akalikata neno hilo. "Kila mtu anaona. Haya, shika kalamu, ufyeke mwenyewe. Ukifyeka umefaulu."

"Fanya haraka, binti," matroni alisema. "Benchi limejaa."

Kimya akapokea kalamu nyekundu. Alipogeuka kitandani, vidole vya miguu vya mtoto wa pili vilikuwa vimeanza kupauka pembeni, vile vile ilivyokuwa kandambili.

Fundi cherehani alijiinua kwa kiwiko. "Mbona vidole vyake sivioni vizuri?" aliuliza, kama mtu anayeulizia vifungo.

"Ni mambo ya ripoti," matroni alimjibu. "Yanashughulikiwa."

"Basi yashughulikiwe upesi," alisema bibi wa watoto. "Nimekuja na shuka moja, lakini mikono ninayo miwili, na wote nimewaona mimi kwa macho yangu haya. Asije mtu hapa akanihesabia."

Kupauka kulikuwa kumefika kwenye visigino. Kimya, ambaye wodini alizoea kujibu kwa kichwa, alihisi kitu kinampanda kifuani kama maziwa yanayochemka yakiwa yamesahauliwa jikoni. Alikuwa amechoka na sentensi. Alikuwa amechoka na Fyeka, na kiatu chake kimoja. Akaitumbukiza kalamu nyekundu mfukoni mwa gauni la kazi, akashika nyeusi, akaandika:

Amezaliwa pia tena mtoto mwingine wa pili ambaye ni mwingine kabisa na siye yule wa kwanza, wa kike aliye msichana, mzima aliye hai mwenye uhai wake, anayelia kilio kwa sauti inayosikika masikioni, mwenye nywele nyingi tele zilizoota kichwani mwake mwenyewe.

Visigino vikarudi kwenye neno la pili. Vidole vikarudi kimoja kimoja. Kwenye uhai mtoto alilia, na kwenye kilio akalia zaidi. Nywele zilipofika, kitanda kililalamika, kwa sababu mtoto alikuwa amezidi uzito, na walipompima baadaye alimwacha dada yake mbali.

"Nipe kalamu," Fyeka alisema.

"Ninayo mimi."

"Basi niletewe nyingine."

Matroni akatazama droo. "Nyingine hakuna, mwalimu. Ulishatuambia moja inatosha."

Fyeka akavua miwani, akaifuta kioo chake. "Tangu nianze kufundisha sijaona uchafu kama huu," alisema. "Umeshindwa. Jaribu mwezi ujao."

Bibi akawafunga wajukuu kwenye shuka moja, akamwambia Kimya asante sana, asante, asante sana, akaondoka. Ripoti ikapelekwa kwa uongozi, ambako haikusomwa, kwa kuwa ilikuwa ndefu.

Jioni mama alikuwa amekaa kwenye kiti.

"Umefaulu?"

"Nimeshindwa, mama."

"Tena?"

"Tena."

"Na kandambili yangu?"

"Haikurudi."

Mama akainuka kitini. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Kiingereza, na aliyasema yote kwa sufuria, akipakua kwa kishindo. Kisha akamwekea Kimya chakula mbele yake. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Pole." Wakasubiri kidogo, lakini hakuna kitu kilichopotea. Mama akaenda kwa kurukaruka kuchukua chumvi.

Jumatatu tangazo lilikuwa bado ukutani, na Fyeka alikuwa ameletewa kalamu mpya. Jina la Kimya lilikuwa bado kwenye orodha ya vibarua, na zamu ilikuwa ya mkunga mmoja. Kwenye benchi walikaa wajawazito wawili, wamevaa magauni ya rangi moja, wameshika viuno vyao. Kimya akavaa glavu, akainama mbele ya wa kwanza.

"Hujambo, mama? Unajisikiaje leo?"

Akajibiwa. Akasogea hatua moja, akainama tena.

"Hujambo, mama? Unajisikiaje leo?"