Beti ya Tatu ya "Bomba"

Kesha Zavyalov aliingia kwa Rimma Pavlovna mchana kweupe akiwa na miwani myeusi usoni, kana kwamba kuta za sebule zingemtambua na kumwomba sahihi. Rimma akamwonyesha mahali pa viatu. Kesha akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha mwanamuziki mkubwa wa roki kikachungulia nje.

"Rimma wangu! Hujazeeka hata kidogo."

"Wewe umezeeka kwa niaba yetu sote. Pita jikoni."

Huyu ndiye aliyekuwa mumewe, enzi za Wasovieti, wakati mji wao wa Yekaterinburg ukiitwa bado Sverdlovsk. Enzi hizo roki haikuwa na ukumbi. Ilipigwa majumbani kwa kificho, watu wamebanana sakafuni, na makofi yalikuwa mwiko, maana jirani wa chini alikuwa na simu na namba ya polisi aliijua kwa moyo. Ukipendezwa ulipunga mikono hewani, basi. Nyumba ilikuwa ya Rimma, gitaa la Rimma, supu ya Rimma. Na "Bomba", wimbo uliomfikisha Kesha Moscow, maneno yake aliyatunga Rimma, siku bomba la kupashia nyumba joto lilipopasuka katikati ya baridi naye akashinda akikinga maji kwa sufuria. Lilikuwa bomba tu, masikini. Lakini siku zile hata ukiimba mvua, wasikilizaji walikonyezana: anawasema wakubwa huyo! Wakakonyezana, Kesha akawa shujaa, akafunga virago na gitaa akaondoka nalo.

Huko alikokwenda alijaza viwanja. Baadaye vikawa kumbi, kisha sherehe za siku ya mji huu na ule, kisha harusi ya mwenye kiwanda cha soseji. Mwishowe akaonekana kwenye tangazo la mayonezi. Mwasi aliyetikisa nchi akaishia kutikisa chupa.

Sasa alikuwa amerudi kwa sababu mwandaaji mmoja, Timofei, alitaka kurekodi onyesho la nyumbani kama la zamani, ndani ya nyumba ileile. Likipendeza, Kesha angepewa ukumbi wa maana vuli ikifika. Rimma alikubali kwa sharti moja, na kwa ajili ya sharti hilo alikuwa akikatakata saladi tangu asubuhi: Kesha atamke mbele ya kamera kwamba maneno ya "Bomba" ni ya Rimma Kudymova. Alikuwa amechoka kuyasikia maneno yake sokoni, yakitoka kwenye redio ya muuza viazi, halafu mtangazaji anataja jina la Kesha.

"Utasema?" akamuuliza.

"Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako ndiye aliyenionya juu yako."

Kesha akacheka, akala samaki wa chumvi, akala na matango. Vodka aliisukuma kando, ini lilishagoma. Akaomba maziwa mgando.

Vijana wakajaa sebuleni, wakaketi zuliani na soksi zao. Timofei akawasha kamera. Kesha akaimba wimbo wa kwanza, akafumba macho, akamaliza, akasubiri. Kimya. Mmoja akakohoa, mwingine akachungulia simu.

Kesha akachanua uso. "Mnaona? Hawa wamefundwa! Hawapigi makofi. Desturi wanaijua!"

Rimma, aliyesimama mlangoni na taulo la vyombo begani, alitikisa kichwa. Yule jirani alikwisha kufa zamani, na vijana hawa desturi hiyo hawakuwahi hata kuisikia. Hawakupiga makofi kwa sababu hawakupendezwa. Lakini nani amwambie? Kila kimya kilivyozidi, bwana mkubwa naye alizidi kuvimba.

Ikafika zamu ya "Bomba".

"Huu," alisema kwa sauti ya kaburini, "niliutunga peke yangu. Kwenye chumba cha tanuri, koleo mkononi, makaa yananimulika uso. Kila neno lilikuwa risasi kwa wakubwa."

Koleo! Kazi ya tanuri aliitafuta ili asishtakiwe uzururaji, maana enzi hizo kukosa kazi kulikuwa kosa, na zamu zake alizimaliza kwa usingizi. Rimma alijua tangu mwanzo kwamba atadanganywa, na bado ilimuuma. Akajikasirikia kwa kumtumaini tena mtu yuleyule.

Wimbo ulipoisha, msichana aitwaye Ulyana akanyoosha mkono. "Samahani, mbona unakatika? Beti mbili, halafu basi?"

Kesha akavua miwani. "Binti yangu, beti ya tatu ni kimya. Niliiacha wazi ili Urusi nzima iijaze."

Rimma akaangua kicheko, kicheko cha kweli, mpaka akashika mlango.

"Kimya, baba wee! Beti ya tatu ilikuwa haijatungwa ulipoondoka na gitaa langu. Maneno ya wimbo huo ni yangu, na hayo yaliyobaki niliyamalizia hapahapa, wewe ukiwa Moscow."

"Rimma, kamera..."

"Ndiyo, kamera. Initazame vizuri."

Akaimba pale mlangoni bila gitaa, kwa sauti yenye mikwaruzo:

*Supu yangu umekunywa, njaa waiita yako,*
*Koti langu umevaa, baridi waita yako,*
*Jukwaa umelipanda, vumbi na taa ni vyako,*
*Sauti umeazima, mdomo tu ndio wako.*

Mtu akamtupia Kesha jicho, akacheka. Kisha sebule nzima ikalipuka kwa makofi, na Ulyana akapiga hadi miguu sakafuni.

"Shh! Makofi hayapigwi!" Kesha alipaza sauti. "Ni desturi, jamani!"

Hakuna aliyemsikia. Timofei alikuwa amekwisha kumgeuzia Rimma kamera. "Jina lako kamili, mama, nisilikosee?"

"Rimma Pavlovna Kudymova," akasema, akilitamka polepole kwa furaha.

Wageni walipotawanyika, Kesha alibaki mlangoni akihangaika na kamba za viatu. Rimma alisubiri. Alijua maneno yake yamempata, akajiandaa kwa matusi, na kwa kweli aliyatamani.

"Rimma," Kesha akasema, macho yanang'aa, "beti hiyo nipe niiimbe. Umewachoma! Wanakunywa supu ya wananchi, wanapanda majukwaa na hotuba za kuazima... Nikiitoa ukumbini, wakubwa hawalali."

Rimma akamtafuta usoni dalili ya mzaha. Hakuna. Miaka yote ile alikuwa akinoa kisu, na mtu mwenyewe hana pa kuchomwa.

"Iimbe," akamwambia. "Ukifika mstari wa mwisho, jipige kifua kwa nguvu, wote waone."

"Nitajipiga, naapa!"

Na safari hii Rimma alijua kwamba ahadi ataitimiza.