Punje ya Pogo

Maneno yalianzia kwenye chama chetu cha wafuga vicheche hapa mjini Sandusky: eti ile punje ya homoni wanayochomwa vicheche wagonjwa, ukiikata katikati kwa wembe, nusu unampa mnyama mwaka huu, nusu unaiweka kwenye friji mpaka mwakani. Nani kaikata, akapona kicheche gani, hakuna aliyesema. Lakini yalinikaa kichwani. Naosha vyombo, nayawaza. Napiga pasi, nayawaza.

Maana Pogo, kicheche wa binti yangu Maribeth, alikuwa ananyonyoka. Alianzia mkiani. Tukasema ni msimu tu, kwa kuwa vicheche hubadilisha manyoya baridi ikiisha. Ndilo kosa letu wafugaji: tunasema "msimu, msimu" mpaka mnyama anabaki kama kuku wa supu. Halafu Jumanne moja nikamwona amechuchumaa kwenye trei yake, anajikamua, mkojo unatoka matone.

Nikamkimbiza kliniki. Daktari Okerlund wa wanyama alimpapasa tumbo, uso ukabadilika.

"Bi Fenner, ni tezi iliyo karibu na figo. Inamwaga homoni kupita kiasi, na njia ya mkojo imebanwa. Leo nitamtoa mkojo, nitampa dawa za kumshikilia kwa sasa. Lakini anahitaji punje, na asicheleweshwe. Ikiziba kabisa, atakufa."

Punje hiyo haimezwi. Huingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi, katikati ya mabega, ikatoa dawa kidogo kidogo mwaka mzima au zaidi.

"Bei gani, daktari?"

"Pamoja na kumpima, dola mia tatu na arobaini."

Maribeth ana miaka kumi na miwili. Hakulia, hakuomba. Alimfunika Pogo kwa sweta yake tu, nami nikaumia zaidi.

"Na tukiikata nusu?" nikauliza, uso unaniwaka.

Daktari hakucheka. "Nani kakwambia?"

"Watu."

"Waambie hao watu imetengenezwa iingie nzima. Ukiikata, mimi mwenyewe sijui dawa itatoka kiasi gani wala itakaa siku ngapi. Na huyu hana nafasi ya kujaribiwa."

Nikamuuliza kwa nini basi iwe ghali hivyo. Akasema anaagiza moja moja, na kila mnyama anakuja kwa siku yake. "Niletee wanane Jumamosi ijayo, niagize sanduku zima, niwapime kwa mkupuo. Nitashusha mpaka mia na tisini. Lakini wawe wanane."

Mimi ni mtu wa kuogopa simu. Shule niliiacha mapema, na kila nikipiga naona nitakosea kusema. Siku hizo nilipiga mpaka sikio likauma. Kufika Alhamisi nilikuwa na saba, Pogo akiwemo. Aliyebaki ni Verna Kubiak, anayelea vicheche waliotupwa, na ndiye aliyekuwa akihubiri wembe.

"Lorna," akasema, "wewe kicheche akipiga chafya tu unaita gari la wagonjwa."

"Ndiyo. Na wangu yuko hai."

"Wembe ninao, friji ninayo. Huyo daktari nimpelekee hela za nini?"

"Verna, huyo kicheche wa nusu punje anaitwa nani? Anakaa wapi?"

"Aa... Dale wa chamani anamjua."

"Dale nimempigia. Anasema kasikia kwako."

Akapasuka kicheko mpaka akakohoa. "Mwanamke mshenzi wewe! Haya. Ninao wawili hawana mkia wa kuonyesha watu. Waandike wote."

Tukawa tisa!

Jumamosi saa nne asubuhi chumba cha daktari kilijaa vikapu na harufu yetu tunayoijua. Kila mtu alikuja na kijiko chake na mafuta ya samaki, maana kicheche akilamba mafuta, hata paa la nyumba liking'oka hana habari. Maribeth alishika kijiko. Pogo alilamba, daktari akachoma. Pogo akainua kichwa, akatukodolea macho kama wezi, akarudi kwenye mafuta.

"Imeingia nzima," daktari akasema. Tulipiga makofi, na tulipiga mara tisa.

Wiki ya kwanza hakuwa na nafuu. Daktari alikuwa ametuonya, tukaendelea na zile dawa nyingine. Wiki ya tatu nikasikia kelele: "Mama! Mama njoo! Anakojoa kama bomba!" Tulicheza pale jikoni, sina aibu kusema. Mwezi wa pili mgongo ulikuwa na manyoya laini, na Maribeth alikuwa akiyapuliza yagawanyike, anacheka peke yake. Orodha ya mwakani ina majina kumi na manne, na ninaishika mimi.

Wewe mwenye kicheche, epuka haya:

Kusema ni msimu wakati mkia umebaki mtupu.

Kungoja kesho kama hakojoi.

Kukata punje, au kununua punje isiyopitia kwa daktari.

Kuacha dawa za mwanzo kwa sababu wiki ya kwanza hujaona nafuu.

Kumwonea aibu daktari ukashindwa kuuliza bei.

Kwenda peke yako wakati wenzako wana wagonjwa kama wako.

Kusahau tarehe ya punje inayofuata.