Maharage Yaliyoshikwa na Kutu

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Mama Mbegu, likashika hata kazini. Miaka kumi na minne alishughulika kuzalisha maharage ya aina moja, yasiyoshikwa na ugonjwa wa kutu ya majani, akichavusha maua kwa kibano, ua moja moja. Alipofaulu, alizunguka nayo shule kwa shule, akiwaeleza watoto kwamba mmea nao hurithi, kama wao walivyorithi pua za baba zao. Watoto wakashikana pua wakicheka.

Jumatatu moja mwalimu wa sayansi alimpigia simu. "Mama Mbegu, njoo uone bustani yetu. Sijapenda ninachokiona."

Alikwenda. Akageuza jani la maharage yake, akalipangusa kwa kidole gumba, kidole kikatoka na unga wa rangi ya matofali. La pili hivyohivyo. Mstari mzima.

"Si ulisema haya hayaugui?" akauliza msichana mmoja.

"Nilisema. Ugonjwa nao umebadilika, mwanangu."

"Basi na wewe yabadilishe."

"Itachukua miaka kumi hivi."

"Kumi! Nitakuwa nishaolewa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Mbegu akachuma majani mawili, akayatia kwenye bahasha.

Kule maabara, fundi aliinua macho kutoka kwenye darubini, akatikisa kichwa. "Ni kutu mpya, Daktari. Kinga yetu haifui dafu."

Hapo ndipo alipomkumbuka dada yake. Misimu mitatu nyuma alimsihi aachane na maharage aliyowaachia mama yao, apande haya. Dada alikataa, kisha akasema, "Haya, msomi ni wewe," akapanda shamba zima.

Akapiga simu.

"Shikamoo, dada. Maharage yanaendeleaje?"

"Marahaba. Majani yanakauka. Nilikuwa nakusubiri umalize kazi ndio nikuulize. Nipulizie nini?"

"Hakuna dawa itakayowahi. Yang'oe, uyachome."

"Yote?"

"Yote. Na mbegu za mama? Ulibakiza hata kiganja?"

"Si ulisema nisizichanganye? Tulizipika tukazila. Kwani huko kazini, kwenye majokofu yenu ya mbegu, hazipo?"

Hazikuwepo. Alikuwa amehifadhi mbegu za mama wa watu wengi, kila pakiti na namba yake. Za mama yake hakuwahi kuzichukua. Zilikuwepo tu nyumbani, kama maji mtungini, nani angefikiri zitakwisha?

"Hazipo," akasema.

Dada hakumlaumu. "Basi Jumamosi uje, peke yangu sitamaliza."

Jumamosi waliinama kutwa, waking'oa mashina yaliyokuwa bado na maua. Dada alimpa habari za wajukuu na za jirani aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni. Kila Mama Mbegu alipofungua kinywa aombe radhi, dada alimtuma: sogeza lile fungu, niletee maji, shika huku. Mpaka jua linatua, hakuwa amepata nafasi ya kulisema neno hilo.