Asiyekemewa Amesifiwa

Mwanangu Jochen alipopiga simu kusema anakuja na mchumba wake Mmarekani kukaa wiki tatu, aliongeza jambo moja mwishoni, kana kwamba ni la kupitisha tu. Yeye Jochen amepata kazi huko Nebraska, Marekani. Baada ya safari hii wataamua waishi wapi, huko au huku.

"Na atakayeamua ni Shelby, mama," alisema.

Sisi watu wa Swabia, kusini mwa Ujerumani, hatupendi kuzungukazunguka, kwa hiyo niseme wazi: nilimtaka mwanangu huku. Ghorofa ya juu ya nyumba yetu ilikuwa tupu tangu mama mkwe wangu alipofariki, na miaka yote hiyo nilikataa kuipangisha kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa na miguu miwili na ilikuwa Marekani. Ghorofa ya katikati tunaishi mimi na mume wangu Eugen. Chini yuko Bi Hägele, mjane wa miaka themanini na kitu, anayezilinda ngazi za nyumba yetu utadhani amezizaa yeye.

Shelby alifika Februari, siku ya mvua iliyochanganyika na barafu. Binti mrefu, mchangamfu, meno yote nje. Alishuka garini, akatazama juu, mvua ikampiga usoni, akasema, "Nzuri ajabu!"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mkate wetu mweusi ulikuwa mzuri ajabu. Viatu vya ndani nilivyompa, vya marehemu mama mkwe, vilikuwa vizuri ajabu ingawa kisigino kilibaki nje. Supu ya vitonge vya ini, ambayo hata Eugen anainywa kwa sababu ameizoea tu, nayo ilikuwa nzuri ajabu. Asubuhi ya pili nilifungua madirisha yote ya jikoni kubadilisha hewa, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya asubuhi, kuwe na baridi kusiwe nayo. Nikamkuta mezani amejifunika blanketi mpaka masikioni.

"Unasikia baridi?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Hewa nzuri ajabu," alijibu, huku meno yakigongana.

Jioni nilimwambia Eugen, "Huyu binti ana lake jambo. Nani anasifia mvua ya Februari?"

"Mwache, mke wangu. Ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo vipi? Mtu ambaye kila kitu kwake ni kizuri, utajuaje anachokipenda?"

Eugen alinyanyua gazeti. Mimi nikalala na hofu yangu. Nilikuwa nimewahi kukaa kwenye nyumba za wageni, nami nilisifia kila kitu, mpaka mito ya kulalia, kwa sababu nilijua kesho naondoka.

Siku iliyofuata alikutana na Bi Hägele ngazini. Akamuuliza, "Hujambo, hali yako?" huku mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi inayofuata. Masikini, hakujua. Bi Hägele aliweka ndoo chini, akaanza kumjibu. Akamweleza goti la kulia, na daktari alivyosema kuhusu goti la kulia, na alivyokosea. Akahamia goti la kushoto. Alipofika kwenye magoti ya marehemu mumewe, chai niliyomwandalia Shelby ilikuwa imeshapoa.

"Nilimuuliza hali tu," Shelby aliniambia alipofanikiwa kupanda.

"Naye kakujibu. Kwani ulitaka akudanganye?"

Akacheka, akasema Bi Hägele ni mtu mzuri ajabu.

Basi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe ni ufagio. Kuna kibao kidogo cha mbao kinachozunguka humu ndani: kikining'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, na ukumbi ni wako, na njia ya mbele mpaka barabarani. Wiki hiyo kilikuwa kwangu. Nikamwita Shelby, nikamkabidhi ufagio na ndoo.

"Mama!" Jochen akanikodolea macho. "Ni mgeni huyu!"

"Ndiyo maana."

Hakunielewa, na mimi sikumfafanulia. Mgeni hapewi ufagio wa nyumba hii. Dada yangu mwenyewe anakuja kila Pasaka, na sijamwachia hata kitambaa. Kumpa Shelby ufagio kulikuwa sawa na kumwambia nyumba ni yako, nami nilidhani jambo hilo liko wazi kwa kila mwenye macho.

Alifagia. Tena alifagia kweli, si kuhamisha vumbi kutoka pembe hii kwenda ile. Alipomaliza, akasimama juu ya ngazi, mashavu mekundu, anangoja. Nikashuka polepole nikipitisha kidole kwenye kingo. Bi Hägele akatoka na miwani yake, akainama, akaangalia nyuma ya mlango mkuu, mahali ambapo wafagiaji wengi hushindwa kabisa. Tukatazamana. Kisha kila mmoja akaingia kwake bila kusema neno.

Niambie utapata wapi sifa kubwa kuliko hiyo! Bi Hägele hajawahi kuinama akainuka bila la kusema. Kwetu asiyekemewa amesifiwa, na mambo yanaishia hapo. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi wagema wetu hatujawahi kuwapa nafasi hiyo.

Alhamisi akapika. Makaroni ya kuoka na jibini, kwa mkono wa mama yake, sinia zima. Eugen akala sahani ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akakwangua mpaka kijiko kikalia. Akajifuta mdomo, akasema, "Inalika."

Moyo wangu ukaruka. Mara ya mwisho Eugen kusema "inalika" ilikuwa siku ya ubatizo wa Jochen! Nikamgeukia Shelby nimpe pongezi kwa macho, nikakuta tabasamu lake limesimama tu usoni, halina mtu nyuma yake. Akasema anashukuru, akaenda bafuni, na maji yakamwagika huko muda mrefu kuliko uso mmoja unavyohitaji.

Jochen alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Tumebadilisha tiketi. Jumatatu tunaondoka."

"Jumatatu ipi?"

"Hii, mama. Anasema hamumpendi."

Niliweka chini sahani niliyokuwa nafuta. Ningeendelea kuishika ningeivunja.

"Nani kamwambia hatumpendi? Nani kamkemea?"

"Hakuna aliyemkemea!"

"Sasa kama hakuna aliyemkemea, analilia nini?"

"Ndiyo hilo! Amefagia ngazi zote zile, wewe na yule bibi mmepita mnanusa kama polisi, mkaondoka. Amepika kutwa nzima, baba kamwambia inalika. Inalika, mama! Hata sabuni inalika ukiwa na njaa!"

"Baba yako kala sahani tatu!"

"Shelby hajui kwamba sahani tatu ni maneno!"

"We si umekulia humu? Ungemwambia."

"Nimemwambia. Kanijibu, na kama nikikaa humu miaka thelathini, nitakuwa napimwa kwa sahani?" Akajikuna kichwa kama alivyokuwa akijikuna akiwa mdogo. "Neno moja tu zuri, mama. Moja. Halitakuua."

Alipotoka nilikaa kwenye kiti na kuiona ghorofa ya juu ikiwa tupu mpaka siku nitakapobebwa kutoka humu. Sitaficha, niliogopa sana.

Nikaanza mazoezi. Jumamosi nilikuwa namenya viazi vya saladi na kujaribu neno hili na lile kwa sauti ndogo, Eugen akaingia.

"Unaongea na nani?"

"Na viazi."

"Unaviambia nini?"

"Kwamba vimependeza."

Akanigusa paji la uso kuona kama lina moto, akachukua bia yake, akatoka taratibu.

Jumapili alasiri, saa ya kahawa, tulikaa mezani watano, maana Bi Hägele huwa anapanda kwetu Jumapili. Nilikuwa nimeoka keki yangu ya rangi mbili, mapishi ya mama yangu, na yeye aliyapata kwa mama yake. Masanduku yalikuwa yameshafungwa, yamesimama ukumbini. Nikamimina kahawa. Nikakohoa.

"Shelby," nikasema. "Zile ngazi. Ulifagia. Ulifagia vizuri. Vizuri ajabu."

Eugen akapaliwa na kahawa. Bi Hägele akaweka kikombe chini, akanitazama mimi, kisha Shelby, kisha mimi tena.

"Amefanya kosa gani huyu binti," akauliza, "hata asemwe hivyo mbele za watu?"

Shelby akawa mweupe. Nikaona wazi anadhani namkejeli. Jochen akafumba macho. Nami nimebaki na koo linaloniwasha, nimetoa neno ambalo ukoo wetu haujawahi kulitoa, na limeangukia kwenye kahawa. Kwa kukosa la kufanya nikakata keki, nikampa kipande cha kwanza. Akamega, akatafuna muda mrefu, akameza kwa shida, akafungua mdomo.

"Nzuri aj..."

Hapo subira yangu ikaisha.

"Shelby! Mimi nimesema langu, na limenichoma koo. Na wewe sema lako. Keki ikoje?"

"Ni nzuri, mama, kwa kweli ni..."

"Ikoje?"

"Mama, basi!" Jochen akanyanyuka.

"Kavu!" Shelby akapiga kelele, na kijiko kikamponyoka. "Ni kavu! Haimezeki! Na maji yenu yana mapovu kama ya kufulia, na hakuna hata kipande cha barafu nyumba nzima, halafu barafu yote imejaa jikoni asubuhi kwa sababu mnafungua madirisha! Na nimefagia ngazi zile mpaka mgongo ukaniuma, na hakuna mtu, hakuna hata mmoja, aliyesema ahsante!"

Akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Endelea," akasema Bi Hägele, na akavuta kiti chake karibu na meza. Sijamwona mwanamke yule na uso wa furaha namna ile tangu walipomfukuza mpangaji wa nyumba ya pili.

Eugen akakohoa. "Kavu kweli," akasema, akiitazama sahani yake. "Miaka thelathini naichovya kwenye kahawa."

"Miaka thelathini!" nikamgeukia. "Na hukusema?"

"Hukuniuliza."

Iliniuma. Keki ya mama yangu, jamani! Lakini nilipotaka kukasirika, hasira haikuja. Nilikuwa namtazama Shelby, nywele zimemwangukia, macho mekundu, pua inavuja, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini nikawa najua huyu mtu ni nani na anataka nini. Anataka keki isiyo kavu na dirisha lililofungwa. Na neno zuri pia, ikiwezekana. Mtu wa namna hiyo naweza kuishi naye.

"Sitaki uondoke," nikamwambia. Sikuwa nimelifanyia mazoezi hilo, na labda ndiyo maana lilitoka bila kuniwasha koo.

Shelby akachukua kitambaa cha meza, kile kizuri cha kudarizi, akapenga nacho kamasi. Bi Hägele akavuta pumzi, nami nikaikanyaga slipa yake chini ya meza.

"Na kule juu tunakolala," Shelby akasema hatimaye, sauti ikiwa bado inatetemeka, "ile rangi ya kijani ya sebuleni. Ni mbaya sana. Mtu hawezi kuishi na rangi ile."

Jochen akakunja uso, akadhani matusi yanaendelea. Mimi nikabaki nimeshika kisu cha keki. Mtu anaweza kununa juu ya keki, au juu ya baridi, hata kama anaondoka kesho. Lakini hasumbukii rangi ya ukuta asioutaka.

Nikamuuliza anataka rangi gani.