Maharagwe ya Jicho Jekundu

Gaëlle alifika akihema, simu mkononi, na Brigitte hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Mbegu za chama cha wakulima zilitakiwa kesho yake, na alikuwa amefikia fungu gumu, lile lililoguswa na mdudu. Harage la namna hiyo ukilitazama kwa juu ni zima, tena linang'aa. Ni mpaka uligeuze ndipo uone tundu. Basi vidole vyake viligeuza, vikatupa, vikageuza tena, huku msichana akimsomea ujumbe wa juri.

Tamthilia za wanafunzi wa vyuo vya Masisi na Walikale zilikuwa zaidi ya ishirini. Zimebaki tatu, na moja ni ya Brigitte. Jumamosi, siku ya posho, juri watafika Masisi centre, katika salle, ukumbi wa parokia, kusikiliza zote tatu zikisomwa na wenye kuziandika, kila mmoja na msaidizi wake. Itakayoshinda itachapishwa kitabu, na mwenye nayo atamaliza mwaka wa mwisho bila kulipa.

"Na wameandika hivi," Gaëlle akaongeza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kiongozi wa darasa la jioni, na alimpenda Brigitte kama mtu anavyompenda mama aliyekaa naye benchi moja. "Tableau ya tatu, ile ya kitunga, iko na nguvu sana. Mama Brigitte, hiyo njo itakupatia prix."

Vidole vikasimama.

Brigitte alikuwa na miaka arobaini na minne. Diploma ya Serikali aliipata miaka mitatu tu iliyopita, akifanya mtihani katika chumba kimoja na mtoto wake wa mwisho. Kwa majuma matatu alikuwa ameomba habari hii kwa jina, asubuhi kabla ya kuwasha moto na jioni baada ya darasa. Sasa imekuja, na hakuweza kuipokea. Kwa maana kazi yote ile ilikuwa yake, isipokuwa tableau ya tatu, onyesho lile la kitunga.

Tableau ya tatu ilikuwa ya Nyiraneza wa Kingi.

Kila siku ya pili ya juma wanawake wachache walikutana katika chumba cha maombi nyuma ya kanisa. Walitandika mkeka mkubwa, wakakaa, na mwenye mzigo akausema mzigo wake. Walipokwisha kuomba, wawili walishika mkeka, mmoja kila upande, wakaugeuza uso chini. Mkeka ule ulikuwa mrefu, mtu mmoja hawezi kuugeuza. Ukishageuzwa, yaliyosemwa yamelala chini yake, na hakuna anayeyachukua hata kwa mume wake.

Hadithi ya Nyiraneza kila mtu aliijua, au alidhani anaijua. Watu wa silaha walipopanda mlima wa Kingi, watu wote walikimbia kuelekea Sake. Nyiraneza alikuwa na mama mkwe asiyeweza kutembea, na kitunga cha maharagwe ya mbegu, meupe yenye jicho jekundu. Alifika kambini na kitunga. Akasema bikizee mwenyewe alimwamuru: beba mbegu, miye nimekwisha kula yangu. Waliporudi walimzika bikizee yule nyuma ya nyumba yake. Na kwa kuwa hakuna mlango uliobaki na mbegu, Nyiraneza alipita mlango kwa mlango na kikombe, akigawa. Tangu hapo walimwita Mama Mbegu, na mchungaji alimtaja mara mbili katika mahubiri.

Kisha, siku moja kwenye mkeka, Nyiraneza alisema sentensi tatu.

"Mama mukwe hakunituma. Alinyoosha mikono nimubebe. Miye nikabeba kitunga."

Waliomba. Mkeka ukageuzwa. Na jioni ileile Brigitte alifungua daftari, akaziandika sentensi zile tatu jinsi zilivyosemwa. Alijiambia anaziandika ili apate kumwombea vizuri. Baadaye zikawa tableau ya tatu.

*

Siku ya tano asubuhi, mkesha wa posho, alipanda Kingi kwenda kuomba ruhusa. Njiani alikuwa ametayarisha maneno mazuri, yenye mistari miwili ya Zaburi ndani yake. Yalimtoka kichwani alipoona mlango wa Nyiraneza. Kizingitini palikuwa na bakuli la maharagwe, meupe, yenye jicho jekundu, na hakuna mtu karibu nalo.

Nyiraneza alikuwa shambani, akipasua udongo kwa ajili ya kupanda. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, ndipo akaegemea jembe.

"Umefika, Mama Raphaël," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Nimefika. Minakuletea neno."

"Neno ilishafika." Nyiraneza alionyesha kwa kidevu upande wa kisima. "Jana Claudette alikuwa anachota maji, kidumu inajaa, yeye anarudilia maneno ya théâtre. Alinyoosha mikono nimubebe. Miye nilikuwa nyuma yake ku ligne."

Claudette alikuwa mwanafunzi mwenzake, mtoto wa Kingi, na ndiye aliyepewa nafasi ya mkaza mwana. Alikuwa na sauti nzuri. Brigitte mwenyewe ndiye aliyemwambia ajizoeze kila mahali, hata kisimani.

"Nilibadilisha jina," Brigitte akasema. "Nilibadilisha na mulima."

"Na maharagwe?"

Brigitte akageukia bakuli la kizingitini. Maharagwe hakuyabadilisha. Tangu ukurasa wa kwanza yalikuwa meupe yenye jicho jekundu, kwa sababu yeye ni mchambuzi wa mbegu, na hakuona haya kujivunia kwamba anayaandika maharagwe kama yalivyo. Katika mlima ule hakuna sufuria iliyopika maharagwe ya namna hiyo ambayo haikuyapata katika kitunga kile kimoja.

"Mukashema, mwenzetu wa mukeka, njo amerudisha leo mbegu ile nilimugawia," Nyiraneza akasema. "Hakusema kitu. Aliweka tu ku mulango, akaenda. Nimemwona mugongo."

Upepo ulipita shambani, na kitu kikalia kidogo, kama karatasi kavu. Brigitte akageuka. Kwenye mpaka wa shamba, upande wa nyuma ya nyumba, palibaki mstari mmoja wa maharagwe ya msimu uliopita ambao haukuvunwa. Maganda yalikuwa yamekauka mpaka yakapasuka yenyewe, na mbegu zimetawanyika chini zikioza.

"Hii haukuivuna?"

"Ya mama mukwe. Kila msimu napanda yake. Sivunake hata siku moja."

Wala haikuwa kwa kukusudia. Mkono wa Brigitte ulikwenda peke yake kwenye fundo la kitenge, mahali alipozoea kufunga kalamu. Akauzuia. Lakini Nyiraneza alikuwa ameuona.

"Andika," akasema, bila kupandisha sauti. "Si njo kazi yako sasa."

"Mama Nyiraneza, unisamehe."

"Nilisemea Mungu. Sikusemea salle." Akachukua jembe lake. "Kwenda usome, Mama Raphaël. Wanakungojea."

Akarudi kwenye tuta. Brigitte alisimama pale muda mrefu kama mtu aliyekuja kununua kitu akasahau jina lake.

*

Gaëlle na Claudette walimsikiliza mpaka mwisho. Claudette alilia, akaapa kwamba hakujua. Gaëlle aliwaza kidogo, akauliza swali ambalo Brigitte alikuwa akilikimbia tangu Kingi. Neno si limekwisha kutoka? Akiliondoa sasa, Nyiraneza atapata nini? Mbegu itarudi mlangoni kwa Mukashema? Brigitte atakuwa amepoteza kitabu, amepoteza chuo, na mama yule hajapona.

Usiku ule Brigitte alipiga magoti. Alijaribu kuomba, lakini kila neno lililomjia lilikuwa na sauti ya tamthilia. Alijisikia akitengeneza toba yake, akichagua neno la kuanzia. Mwishowe akakaa kimya tu mbele za Mungu, na huko nako aliuona ule mstari usiovunwa, akaona jinsi ungependeza kufunga tableau ya tano.

Siku ya posho salle ilijaa. Papa Jean-Claude, mkubwa wa juri, alikuwa ametoka Walikale kwa pikipiki siku mbili, na tope la barabara lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Benchi la watu wa Kingi lilikuwa mbele. Nyiraneza hakuwepo. Mukashema alikuwepo, mikono kifuani.

Brigitte alisoma tableau ya kwanza, kisha ya pili. Watu walicheka pale walipotakiwa kucheka. Alipofika mwisho wa ya pili, akakamata karatasi mbili kwa pamoja, akazigeuza kama moja, akaanza ya nne.

Claudette alikuwa amesimama, kitunga kichwani. Walikuwa wamekubaliana kuiruka ya tatu, lakini mwili wake ulikuwa umezoea, na kinywa kilibaki wazi.

Papa Jean-Claude akainua kalamu. "Mama, kuna tableau imekosa."

"Ndiyo, Papa."

"Règlement inasema usome texte ile tulipokea." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Na ile tableau njo ilituleta hapa. Kwa barabara ile. Soma, Mama, tunakungojea."

Brigitte aliziangalia karatasi. Angeweza kusema amechoka, au kwamba maandishi yamefutika. Lakini alikuwa ameapa hatasema uongo tena juu ya jambo hili.

"Siwezi kuisoma, Papa. Haiko yangu."

Juri wakainama kuandika. Ni hapo alipoona vichwa vya benchi la Kingi vikigeukiana, kimoja baada ya kingine. Kama si yake, basi ni ya nani? Claudette kisimani alikuwa amesema maneno ya mchezo tu, na mtu aliyependa bado angeweza kuyakataa. Yeye, kwa ukweli wake, ndiye aliyeyatia muhuri. Mukashema alishusha mikono kutoka kifuani, akatazama sakafu.

Prix ilikwenda kwa kijana mmoja wa Walikale. Gaëlle alimsindikiza Brigitte hadi njia panda.

*

Siku ya pili ya juma alikwenda kwenye maombi kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Alikaa kwenye ncha ya mkeka, karibu na ukuta. Wanawake walimsalimu kwa sauti ndogo. Mukashema aliingia, akakaa katikati. Wa mwisho alikuwa Nyiraneza, miguu na udongo wa shamba, na aliketi ncha ya pili, mbali kabisa na Brigitte.

Hakuna aliyetoa ushuhuda siku ile. Waliimba wimbo mmoja, wakaomba kila mtu kimoyomoyo, wakasema amina. Wanawake wakaanza kusimama na kufunga vitenge vyao, wengine wakiwa tayari mlangoni. Kwa kuwa hakuna lililosemwa, hakuna aliyekumbuka mkeka.

Nyiraneza akainama, akashika ncha yake kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu. Aliinua kidogo, akangoja.

Ncha ya pili ilikuwa miguuni pa Brigitte. Katikati ya mkeka palikuwa na harage moja, limedondoka kutoka kwenye kitenge cha mtu, jeupe, jicho lake jekundu likiwa juu. Kutoka pale alipokuwa, hakuweza kuona kama lina tundu.