Mihogo Kwenye Mfereji wa Viateur

Viateur ana mdomo, na siku ile aliuleta mpaka darasani kwangu. Yeye ndiye bosi wa wanaoosha mawe ya dhahabu huku Omate, na maji yenye dawa zake hushukia dimbwi letu la kuloweka mihogo. Dimbwi lile likifa hatuna fufu, ugali wetu wa mihogo, na bila fufu tutahama. Ndiyo maana nilimwita aone kwa macho yake.

Mimi hufundisha biolojia. Niliweka chini ya hadubini tone la maji niliyokuwa nimelowekea majani makavu, akachungulia. Vijidudu viliogelea huku na huku kama watoto waliotoka shule. Nikaongeza maji ya chemchemi: vikaendelea kuogelea. Kwenye tone la pili nikaongeza maji yanayotoka kwake. Vikazunguka, vikalegea, vikatulia.

Aliinua kichwa akicheka.

"Madame, aksanti sana! Vijidudu njo magonjwa. Maji yangu inaua magonjwa. Munishukuru!"

Nilimsogezea tena hadubini.

"Papa Viateur, hii haiko magonjwa. Hivi vinaishi hata mu matope. Kama vyenyewe vinashindwa, mutoto wangu atawezaje?"

"Andikia ministre," akasema, akatoka.

Nimwandikie waziri nini? Kwetu, maji yenye mihogo ya mtu hayakorogwi mpaka mwenyewe aitoe. Hata mlevi anajua hilo. Kesho yake asubuhi, mimi, jirani yangu Mama Kanyere na wanawake wote wa bondeni tulipanda na vikapu, tukaizamisha mihogo yetu kwenye mfereji wa Viateur, pale juu maji yanapoingia yakiwa bado safi.

Alikuja mbio.

"Mutoe ile mihogo! Na nyinyi, muoshe mawe!"

Wachimbaji waliitazama mihogo, kisha wakawatazama mama zao. Samy, mwana wa Kanyere, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliweka koleo chini. Wenzake nao wakaweka. Hakuna aliyetia mguu majini, na mimi nilijisikia furaha mpaka nikataka kucheza.

Viateur alisimama pale jasho likimtoka. Mdomo wote ule ulikuwa umekwenda wapi?

"Madame," akaniuliza polepole, "ile mihogo italainika siku gani?"

"Hii ya leo haitakawia, Papa," nikamjibu. "Lakini kesho tunaleta ingine."