Isale Mbele ya Ukuta wa Kiwanda

"Mama Goodness, hivi wewe na huo ukuta mmefunga ndoa?"

Maulida alimwuliza hivyo siku moja ya masika, alipomkuta jirani yake Eunike ameegemea ukuta wa kiwanda cha mafuta ya alizeti, macho kayafumba, mgongo unaota moto.

"Huyu angalau hakoromi," Eunike akajibu, na Maulida akacheka mpaka beseni la maandazi nusura limponyoke.

Ndivyo walivyoishi watu wa mtaa wa Ukutani, kule chini mjini Moshi. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na boila la kiwanda, linalokula makapi ya kahawa kutwa nzima, na joto lake lilipenya matofali likawafikia wao. Masika yakishika, mlima ukajifunika, mji mzima ulianika nguo ndani na kunuka uvundo. Za Eunike zilikauka kabla ya adhana ya adhuhuri. Tangu alipomzika mumewe Sifael alikuwa akiishi kwa kufulia watu: mashuka ya nyumba za wageni, sare za manesi, majoho ya kwaya. Wateja wengine walimshushia mizigo kutoka Mwika. Kila jioni alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa uzima, na kwa ukuta.

Lakini boila hilohilo lilitema masizi. Zamani yalikuwa kidogo, unapangusa yanaisha. Tangu mvua za vuli yalishuka kama yanapepetwa. Watoto walikohoa. Maulida alifunika maandazi yake kwa nailoni, na Eunike shuka moja alilifua mara mbili. Walipokwenda kuuliza, kiwanda kilijibu kwamba chujio la moshi ni zima kabisa. Masizi yanatoka kwenye majiko yao wenyewe.

"Majiko yetu!" Maulida alisema siku ile, mikono kiunoni. "Jiko langu mimi, hili la kukaangia, ndilo limepaka weusi mpaka paa la kanisa?"

"Mji wenyewe unaitwa Moshi," Eunike akamtania. "Ulitegemea utoke nini?"

Alitania, ila hakuacha kutazama. Aliona kwamba hata siku ambazo hakuna aliyewasha mkaa, masizi yalishuka vilevile.

Ndipo ikaja Ijumaa ya kabla ya sikukuu ya mavuno. Majoho meupe ya kwaya yalikuwa kambani, safi yanang'aa. Boila likakohoa mara moja tu, na majoho yote yakawa madoadoa kama kanga wa porini. Eunike hakupiga kelele. Aliyaanua, akawaita wanawake wenzake, wakaenda kuyaning'iniza kwenye geti la kiwanda, moja baada ya jingine, kila apitaye aone. Watu walipita, wakaona, wakapiga picha.

Kesho yake asubuhi wageni wawili waliingia uani kwa Eunike. Wa kwanza alikuwa Mathew, afisa uhusiano wa kiwanda, mtu wa kuja, viatu vinameta. Nyuma yake alikuwa Filbert, fundi wa boila, kijana wa Kichagga kutoka Old Moshi, ameshika jani la isale, lile la kuombea msamaha, lililofungwa fundo. Wanawake walikuwa wamekwisha kujaa uani.

"Shikamoo, mama," Filbert alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Mathew hakukaa. "Mama yangu, tumekuja kiutu uzima. Nimeambiwa nyinyi Wachagga mkiletewa jani hili, maneno yamekwisha. Sasa lipokee, tuyamalize. Ukilipokea, kamba zako zinabaki ukutani. Usipolipokea, uongozi utazungusha seng'enge, na ukuta hamtausogelea tena."

Eunike alilitazama lile jani. Bila ukuta hakuna kufua, na bila kufua hakuna kula. Lakini isale likishapokelewa, jambo halifukuliwi tena; masizi yangeendelea kushuka na yeye angekuwa amefunga kinywa chake na vya wenzake. Kulikataa nako hakuweza. Tangu utoto wake Mwika hakuwahi kumwona mtu aliyelikataa isale akabaki na amani. Aliomba kimoyomoyo, kisha akamtazama Filbert. Kijana alilishika jani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka ilhali jua lilikuwa bado halijapanda.

"Mwanangu," Eunike akamwuliza taratibu, "kwenu Old Moshi isale hupelekwaje?"

Filbert alilitazama jani mikononi mwake. "Hupelekwa na kosa lake, mama. Unalitaja kwanza."

"Kosa gani tena?" Mathew akadakia. "Sema samahani, tuondoke."

Filbert akapiga goti. "Mama, chujio la moshi lilitoboka wakati wa vuli. Nililitoa mimi kwa mikono hii, na jipya halikuletwa. Tumekuwa tukiwasha hivyohivyo. Masizi ni yetu. Siyo ya majiko yenu."

"Filbert!" Mathew aling'aka. "Una wazimu? Tulikubaliana nini njiani?"

"Bosi, umenipa isale nishike. Ungenipa karatasi ningesoma ulichoandika. Hili halishikwi na uongo."

"Subhanallah," Maulida akanong'ona.

Eunike alinyoosha mikono yote miwili akalipokea jani. Machozi yalimlenga, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Nimepokea. Nimesamehe kabisa, na hawa ni mashahidi. Ila aliyesamehewa hawashi tena mpaka chujio lirudi, maana huko ni kurudia kosa na isale lingali bichi." Akamgeukia Mathew. "Nawe baba, umesema mwenyewe: likipokelewa, kamba zinabaki."

"Kasema!" wanawake wakaitikia.

"Mimi si Mchagga," Maulida akaongeza, "lakini masikio ninayo."

Mathew alimtazama fundi wake aliyepiga goti, akawatazama wanawake, wengine wamekwisha kuinua simu zao. Akatoa ya kwake, akapiga kiwandani. "Zimeni boila," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo, sasa hivi. Mpaka chujio lipatikane."

Haukupita muda, mngurumo nyuma ya ukuta ukafifia, ukakata. Mtoto mmoja akauliza kumetokea nini, maana hakuwahi kusikia mtaa ukiwa kimya hivyo.

"Simama, mwanangu," Eunike akamwambia Filbert. "Na wakikufukuza?"

"Nitakuja kukusaidia kufua, mama."

"Kwa mikono hiyo ya grisi? Utanifukuzia wateja!" Uani kote wakaangua kicheko, na Filbert mwenyewe akacheka huku akijifuta jasho.

Maulida alimsogezea Mathew beseni. "Karibu andazi, bosi. La leo jeupe."

Mathew aliliangalia andazi, akarudisha simu mfukoni, akapita katikati ya wanawake na kutoka nje.